Safari ya Majira ya Baridi katika Nchi ya Makorongo: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Miezi ya Desemba, Januari na Februari ndiyo ambayo familia nyingi zizungumzazo Kiswahili huko Phoenix, Tucson, Salt Lake City na Las Vegas hupokea wageni kutoka Afrika Mashariki na Kongo. Mgeni akifika, mwenyeji hutamani kumwonesha kitu ambacho hatakisahau. Na katika majimbo ya Arizona na Utah kitu hicho aghalabu ni makorongo ya jangwani: Grand Canyon, Zion, Bryce Canyon na Antelope Canyon. Bei za hoteli katika miezi hiyo, ukiondoa wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, huwa nafuu kuliko za kiangazi, na umati wa watu hupungua. Ni wakati mzuri wa kusafiri kwa mtu aliyejipanga.

Wahenga walisema rahisi ghali. Unafuu wa majira ya baridi una sababu zake: baadhi ya barabara zimefungwa, baadhi ya huduma hazipo, na hali ya hewa inaweza kubadilisha ratiba yote kwa usiku mmoja. Somo hili linamfundisha mlaji kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kutoa fedha. Tunalo jambo moja la msingi ambalo tungependa msomaji alishike kuliko mengine yote: katika safari ya namna hii, masharti ya kurudishiwa fedha ni sehemu ya usalama wako. Mtu aliyelipia chumba kisichorudishwa fedha na ziara isiyoahirishwa huona vigumu kugeuza gari theluji inapoanza kuanguka. Mtu anayejua kwamba fedha yake itarudi, au kwamba atapewa tarehe nyingine, hugeuza gari bila majuto.

1. Jangwa lenye theluji

Neno "jangwa" humfanya mtu afikirie joto na mchanga. Nchi ya makorongo ni jangwa lililoinuka juu sana, na urefu huo ndio unaoamua baridi yake. Phoenix iko kiasi cha mita 330 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Januari huko unaweza kufika nyuzi 19 au 20 za Selsiasi. Ukingo wa Kusini wa Grand Canyon uko takriban mita 2,100, yaani juu kuliko jiji la Nairobi. Mchana wa baridi huko huwa karibu na nyuzi 5, na usiku hushuka mara nyingi hadi nyuzi 8 chini ya sifuri. Bryce Canyon iko juu zaidi, kati ya mita 2,400 na 2,700, na theluji yake ni nzito. Korongo la Zion liko chini, kiasi cha mita 1,200, hivyo baridi yake ni ya wastani, ingawa barafu hujificha kwenye vivuli vya kuta zake ndefu.

Kwa hiyo msafiri anayetoka Phoenix asubuhi akiwa na shati jepesi anaweza, baada ya mwendo wa saa tatu na nusu, kushuka garini kwenye baridi ya barafu. Wageni waliowasili kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura wasiachwe wajinunulie nguo kwenye maduka ya ukingoni, ambako uchaguzi ni mdogo. Koti zito, kofia, glavu na viatu vyenye soli ya kushika barafu viandaliwe nyumbani, kwa kununua au kuazima. Anayekusudia kushuka japo hatua chache kwenye njia ya Bright Angel ahitaji pia vyuma vya meno vya kuvalisha juu ya viatu, kwa kuwa sehemu ya juu ya njia hiyo hugeuka barafu tupu.

Mchana nao ni mfupi. Katikati ya Desemba jua huzama Grand Canyon karibu saa 11:15 jioni. Hapa tunatoa tahadhari kwa wageni waliozoea saa za Kiswahili: tiketi za Marekani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tiketi iliyoandikwa 9:00 AM ni ya saa 3:00 asubuhi. Iliyoandikwa 5:15 PM ni ya saa 11:15 jioni. Vilevile, saa za Las Vegas ziko nyuma kwa saa moja zikilinganishwa na za Arizona na Utah katika majira ya baridi. Familia inayotoka Las Vegas saa 12:00 asubuhi kwenda mji wa Page, safari ya takriban saa nne na nusu, hufika saa 4:30 kwa saa ya Las Vegas, lakini saa ya Page husoma 5:30. Ikiwa ziara yao ilikuwa saa 5:00, imekwisha kuondoka, na mikataba mingi ya ziara haimrudishii fedha aliyechelewa.

2. Jina moja, mahali patatu

Tangazo likisema "safari ya Grand Canyon", swali la kwanza ni hili: Grand Canyon ya upande gani?

Ukingo wa Kusini ndio sehemu ya hifadhi ya taifa iliyo wazi mwaka mzima. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, barabara ya Hermit, ambayo miezi mingine hutumiwa na mabasi ya hifadhi, hufunguliwa kwa magari binafsi. Hii ni faida ya kweli ya kwenda wakati wa baridi, hasa kwa familia yenye mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu.

Ukingo wa Kaskazini hauwezi kufikiwa kwa gari la kawaida wakati wa baridi. Barabara yake hufungwa kwa theluji, na huduma zake husimama miezi mingi. Zaidi ya hayo, moto wa msituni wa Julai 2025 uliteketeza hoteli ya kihistoria ya Grand Canyon Lodge iliyokuwa kwenye ukingo huo. Yeyote anayekuuzia malazi ya huko kwa mwezi wa Januari anakuuzia kitu kisichokuwepo. Kingo hizi mbili hutazamana kwa umbali wa takriban kilomita 16 hewani, lakini kwa barabara ni karibu kilomita 346. Hivyo usikubali ratiba inayodai kukuonesha zote mbili kwa siku moja.

Grand Canyon West, penye daraja la kioo liitwalo Skywalk lililofunguliwa mwaka 2007, haimo ndani ya hifadhi ya taifa. Ni ardhi ya taifa la Wahualapai, lenye tiketi zake na bei zake, na kadi ya hifadhi za taifa haitumiki hapo. Iko karibu na Las Vegas, lakini kutoka hapo hadi Ukingo wa Kusini ni mwendo wa zaidi ya saa nne. Ziara nyingi za siku moja kutoka Las Vegas huenda upande huu wa magharibi. Si udanganyifu iwapo tangazo limesema wazi. Ni udanganyifu iwapo picha zake zimepigwa Ukingo wa Kusini na jina la mahali limefichwa kwenye maandishi madogo.

3. Picha ya tangazo na msimu wake

Picha nyingi za kuuzia safari hizi zimepigwa kiangazi. Mlaji hana budi kuuliza kama kile anachokiona pichani kipo katika mwezi anaosafiri.

Antelope Canyon ni mfano bora. Picha yake mashuhuri ni ya mwale wa jua unaoshuka kama nguzo ya dhahabu hadi kwenye mchanga wa sakafu. Mwale huo huonekana katika sehemu ya juu ya korongo kuanzia takriban mwishoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, jua linapokuwa juu sana angani. Wakati wa baridi jua huwa chini, na mwale haufiki sakafuni. Korongo linabaki zuri, rangi zake zinabaki za kuvutia, ila nguzo ya mwanga haipo. Mwuzaji anayetoza bei ya juu kwa "saa ya mwale wa jua" mwezi wa Januari hatendi haki.

Korongo hilo ni ardhi ya Wanavajo, na hakuna anayeruhusiwa kuingia bila mwongoza watalii aliyeidhinishwa nao. Utaratibu huo una sababu nzito. Mnamo Agosti 1997 mvua iliyonyesha mbali na hapo ilileta mafuriko ya ghafla, na watalii 11 wakapoteza maisha ndani ya korongo. Kwa sababu hiyo, ziara inaweza kufutwa ingawa juu yako anga ni jeupe. Usigombane na mwongoza watalii anayefuta ziara. Gombana mapema na mkataba usiosema fedha yako itakuwaje ziara ikifutwa.

Maporomoko ya Havasu, yenye maji ya buluu yanayosambazwa sana katika picha, yako kwenye ardhi ya Wahavasupai na hayapokei wageni mwezi wa Desemba na Januari. Hata yanapofunguliwa, safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo hairuhusiwi. Kila mgeni lazima awe na nafasi ya kulala aliyoilipia kabla.

Katika Zion, kupanda mwamba wa Angels Landing kumehitaji kibali tangu tarehe 1 Aprili 2022, wakati wa baridi ukiwemo. Ada ya kuomba kibali hairudishwi hata usipokipata. Njia ya The Narrows, ambayo hupitwa kwa kutembea ndani ya mto, huwa na maji baridi kiasi cha kuhatarisha maisha ya mtu asiye na mavazi maalumu yasiyopenyeza maji. Ukiahidiwa njia hizo katika kifurushi cha safari, uliza kibali kitaombwa na nani, mavazi yatatolewa na nani, na barafu ikizuia mtapelekwa wapi badala yake.

4. Ada za lango

Kwa miaka mingi ada ya Grand Canyon, Zion na Bryce Canyon imekuwa dola 35 kwa gari moja, kwa siku saba, katika kila hifadhi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kumekuwa na tofauti kati ya mkazi wa Marekani na mgeni kutoka nje. Mkazi mwenye kitambulisho halali kilichotolewa na serikali hununua kadi ya mwaka kwa dola 80. Mgeni asiye mkazi hununua kadi hiyo kwa dola 250; asiponunua, na akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi, hutozwa dola 100 za nyongeza juu ya ada ya kawaida katika hifadhi 11 zenye wageni wengi. Hifadhi hizo tatu tulizozitaja zimo katika orodha hiyo.

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano katika gari moja: baba na mama ambao ni wakazi, na wageni watatu, yaani bibi, mjomba, na binamu wa miaka 14. Wageni wanaotozwa nyongeza ni wawili. Katika hifadhi moja familia italipa dola 35 na nyongeza ya dola 200, jumla dola 235. Wakizuru hifadhi zote tatu, jumla ni dola 705. Kadi ya mwaka ya dola 250 yaweza kuwaokolea fedha nyingi, mradi kabla ya kuinunua wasome sharti linaloeleza inawafunika akina nani ndani ya gari. Ada hubadilika, zithibitishe kwenye tovuti rasmi ya hifadhi wiki unayosafiri. Chukua pia kadi ya benki, kwa kuwa milango mingi ya hifadhi haipokei tena fedha taslimu.

5. Gari la kukodi na barabara

Mkataba wa gari la kukodi ndiyo karatasi inayosainiwa kwa haraka kuliko zote, na ndiyo yenye gharama kubwa zaidi mambo yanapoharibika. Yasome mambo manne kabla ya kusaini.

Kwanza, aina ya gari. Picha ya gari lenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu manne, ikifuatwa na maneno "au linalofanana nalo", haikuhakikishii gari hilo. Kama unalihitaji, pata ahadi kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba magurudumu manne husaidia gari kuondoka kwenye theluji. Hayasaidii kusimama kwenye barafu.

Pili, barabara zinazoruhusiwa. Mikataba mingi hukataza kuendesha nje ya lami. Ukivunja sharti hilo, kinga ya uharibifu uliyoilipia inaweza kubatilika, na gharama ya gari la kuvuta ikawa yako. Katika nchi hii barabara nyingi za udongo, kama ile ya House Rock Valley inayoelekea kwenye mwamba uitwao The Wave, huwa utelezi mtupu zikilowa.

Tatu, minyororo ya matairi. Kampuni nyingi zinakataza kuifunga kwenye magari yao. Uliza, na uulize pia matairi yaliyopo ni ya aina gani.

Nne, amana na umri. Kampuni nyingi huzuia kiasi cha fedha kwenye kadi kwa siku kadhaa, na humtoza zaidi dereva aliye chini ya miaka 25. Mwenye kadi ya benki yenye salio dogo anaweza kukosa fedha ya chakula kwa sababu ya amana hiyo.

Barabarani, ramani ya simu si mamlaka. Mnamo Desemba 2016 familia moja ya watalii ilielekea Ukingo wa Kaskazini, ikakuta barabara kuu imefungwa, ikafuata njia ya msituni iliyooneshwa na ramani ya kielektroniki, na gari likakwama katika theluji. Mama wa familia hiyo alitembea zaidi ya saa 24 thelujini akitafuta msaada. Aliokolewa yeye, mumewe na mtoto wao. Lakini wengine huenda wasipate bahati hiyo. Barabara ikifungwa, usitafute njia ya panya. Huko Arizona ipo pia sheria, tangu mwaka 1995, inayomwezesha mwokoaji kumdai gharama dereva aliyepita vizuizi na kuingia kwenye barabara iliyofurika maji.

Weka garini maji, chakula, mablanketi, tochi na chaja ya simu, na umwambie mtu aliyebaki nyumbani njia unayopita na saa unayotarajiwa kufika, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi hiyo haina mtandao wa simu. Mkikwama, kaeni ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini kupata joto, hakikisha ekzosi haijazibwa na theluji; moshi ukirudi ndani huua kimyakimya.

6. Fedha inayorudi na isiyorudi

Safari moja huwa na mikataba kadhaa, na kila mmoja una masharti yake. Kufutwa kwa ndege hakumlazimishi mwenye hoteli kukurudishia fedha, wala kufungwa kwa barabara hakumlazimishi mwenye ziara.

Kwa ndege, sheria ya Marekani inakupa nguvu. Ukinunua tiketi moja kwa moja kutoka shirika la ndege angalau siku saba kabla ya kuondoka, unaweza kuifuta ndani ya saa 24 bila adhabu. Isipokuwa shirika ambalo badala yake linakuwezesha kushikilia nafasi hiyo kwa saa 24 bila kulipa. Ndege ikifutwa, au ikichelewa kwa saa tatu au zaidi katika safari ya ndani, au saa sita katika safari ya kimataifa, na ukakataa kusafiri kwa njia mbadala, unastahili kurudishiwa fedha hata kama chanzo ni theluji. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo hurejeshewa ndani ya siku saba za kazi. Aliyelipa kwa njia nyingine, ndani ya siku 20. Vocha si lazima uipokee. Ila sheria hiyo hailazimishi shirika kukulipia chumba cha kulala wakati dhoruba ndiyo iliyozuia ndege.

Kwa hoteli na nyumba za kupanga kwa siku chache, kanuni ya shirikisho iliyoanza tarehe 12 Mei 2025 inamtaka mwuzaji aoneshe bei kamili tangu mwanzo, ikiwa pamoja na ada za lazima. Tangazo la dola 79 ambalo hugeuka dola 118 kwenye ukurasa wa mwisho kwa "ada ya huduma" linakiuka kanuni hiyo. Kuhusu kufuta nafasi, ushauri wetu ni mmoja: wakati wa baridi, lipa zaidi kidogo upate chumba kinachoweza kufutwa hadi siku moja au mbili kabla. Tofauti hiyo ya bei ihesabu kama bima.

Kwa bima ya safari yenyewe, kuinunua baada ya dhoruba kutangazwa kwa kawaida hakukusaidii, maana bima hufunika lisilojulikana. Inunue mapema, na usome sababu zinazokubaliwa. "Nimeogopa theluji" mara nyingi si mojawapo.

Namna ya kulipa nayo ni kinga. Kadi ya mkopo inakupa haki ya kupinga malipo ya huduma usiyopewa. Fanya hivyo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu kutumwa kwa taarifa ya kwanza yenye malipo hayo. Fedha iliyotumwa moja kwa moja kutoka simu hadi simu, au kwa kadi za zawadi, ni sawa na taslimu: ikienda imekwenda.

7. Safari za pamoja

Katika jumuiya zetu safari nyingi hupangwa na mtu tunayemfahamu: ndugu wa kanisani, msikitini au wa chama cha wanakijiji, anayekusanya michango na kukodi gari dogo la abiria. Wengi wao ni waaminifu. Hata hivyo, kumfahamu mtu hakumwongezei gari lake breki. Gari linalobeba watu tisa au zaidi, dereva akiwemo, kwa malipo na kuvuka mpaka wa jimbo, linapaswa kuwa na namba ya usajili ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani, na namba hiyo inaweza kukaguliwa na yeyote bila malipo. Iulize. Omba pia stakabadhi yenye tarehe, kiasi, na sentensi moja inayoeleza fedha itarudije barabara ikifungwa. Mwungwana hatachukia kuulizwa. Anayesema "huniamini?" badala ya kujibu amekwisha kukupa jibu.

8. Siku ya kugeuka

Panga tangu nyumbani nani atakayeamua kugeuza gari, na kwa dalili zipi. Tunapendekeza tatu: onyo rasmi la dhoruba kwa njia mnayopita, barabara kuu kufungwa, au kubaki na mwendo wa zaidi ya saa moja huku jua likiwa limekwisha kuzama na lami ikianza kuganda. Ikitokea mojawapo, laleni katika mji wa karibu. Kama mmenunua nafasi zinazoweza kufutwa, hasara yenu ni usiku mmoja. Mgeni aliyekuja kutoka mbali atasikitika kwa kutoliona korongo. Kesho au mwakani litakuwa palepale.

Maswali ya kujipima

1. Tiketi yangu inataja upande gani wa Grand Canyon, na upande huo uko wazi mwezi ninaosafiri?
2. Ninachokiona katika picha ya tangazo kipo wakati wa baridi?
3. Ni nani kati yetu atatozwa ada ya mgeni, na jumla yake ni kiasi gani?
4. Mkataba wa gari unaniruhusu kupita barabara zote zilizo katika ratiba?
5. Theluji ikinizuia kesho, ni fedha ipi itarudi, ipi haitarudi, na hayo yameandikwa wapi?

Msomaji asiyeweza kujibu swali la tano asilipe bado. Aliyekwisha kulipa na kunyimwa haki yake aanze kwa kumwandikia mwuzaji, akitunza nakala ya tangazo, mkataba na stakabadhi. Asiposikilizwa, apeleke malalamiko kwa mtoa kadi yake na kwa kitengo cha kulinda walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Yanayohusu ndege yapelekwe kwa Idara ya Uchukuzi ya Marekani. Huduma hizo hazilipishwi, na mlalamikaji anayehitaji mkalimani ana haki ya kumwomba.